Damu nyepesi ya mgonjwa wa ini: kisa cha kipimo kilichoaminiwa kupita kiasi

Wasomaji wangu, leo naweka siasa pembeni. Najua kuna watakaonuna, lakini vumilieni kidogo, maana kisa nilichonacho leo kina kila kitu ambacho siasa inacho: imani iliyorithiwa bila kuulizwa, ushahidi uliokaa wazi miaka mingi bila kusomwa, na watu waliolipa gharama bila kujua.

Kisa chenyewe ni hiki. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 madaktari walifundishwa kwamba mtu ambaye ini lake limesinyaa, yaani mwenye sirosisi, damu yake ni nyepesi. Haigandi vizuri. Kwa hiyo cha kuogopa kwake ni kutoka damu tu, na lile janga jingine, la damu kuganda ndani ya mishipa na kuziba njia, halimhusu. Walisema mgonjwa wa namna hii ni kama anameza dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo mwili wake umejiandikia wenyewe. Mantiki yake ni tamu kabisa. Tatizo ni kwamba haikuwa kweli.

Nilikutana na jambo hili nikiandaa habari ya ukurasa wa afya kwenye gazeti ninalofanyia kazi. Mhariri aliipa aya sita, kama kawaida yake. Lakini mimi nilisoma historia pale Mlimani, na mtu wa historia ukimwambia "zamani madaktari waliamini" hatalala kabla hajauliza: zamani lini? Aliyeanza nani? Na waliachaje kuamini?

Tuanze na ini lenyewe. Jina la ugonjwa alilitoa Mfaransa René Laennec mwaka 1819, katika kitabu kilekile alichotangazia kifaa chake cha kusikilizia kifua, kile ambacho kila daktari anakitundika shingoni mpaka leo. Alichukua neno la Kigiriki lenye maana ya rangi ya manjano-kahawia, kwa sababu ndivyo maini yale yalivyoonekana. Sirosisi ni makovu. Ini linaumizwa mwaka baada ya mwaka na pombe, virusi vya homa ya ini aina ya B au C, ama mafuta yanayojaa ndani yake, na kila likijitibu linaacha kovu, mpaka makovu yanakuwa mengi kuliko ini. Sasa ini ndicho kiwanda cha protini nyingi zinazogandisha damu. Kiwanda kikiharibika, bidhaa zinapungua. Mpaka hapo hakuna ubishi.

Ubishi unaanza mwaka 1935. Mwaka huo daktari wa Kimarekani Armand Quick na wenzake walichapisha njia rahisi ya kupima kuganda kwa damu. Unachukua plazima, yale maji ya damu yanayobaki baada ya chembe kutolewa, unaitilia kitu kilichotengenezwa kwa ubongo wa sungura (naam, ubongo wa sungura), unaongeza kalsiamu, halafu unatazama saa. Damu ya mtu mzima wa afya inaganda katika sekunde kama 12. Ya mgonjwa wa ini inachelewa. Kipimo hicho ndicho kilichokuja kuitwa muda wa protrombini, na ndicho baba wa ile INR ambayo wengi wenu mmeiona kwenye karatasi za maabara.

Ukitaka kujua kwa nini kiliaminiwa kiasi kile, kumbuka kilichotokea muda mfupi baadaye. Henrik Dam wa Denmark alikuwa amegundua vitamini K, ugunduzi uliompa Nobeli ya mwaka 1943 pamoja na Mmarekani Edward Doisy. Enzi hizo wagonjwa wa manjano ambao njia zao za nyongo zimeziba walikuwa wakitoka damu mpaka kufa baada ya upasuaji. Mwaka 1938 madaktari wa Marekani wakaanza kuwapa vitamini K pamoja na nyongo. Kipimo cha Quick kikarudi kawaida, na damu ikaacha kutoka! Namba imenyooka, mgonjwa amepona. Nani angekuwa na sababu ya kuitilia shaka namba ya namna hiyo?

Lakini mgonjwa wa njia ya nyongo iliyoziba na mgonjwa wa sirosisi si mmoja. Wa kwanza kiwanda chake ni kizima, anakosa malighafi tu. Wa pili kiwanda chenyewe kimechakaa, na vitamini K haimsaidii sana. Namba yake haikunyooka. Basi wakahitimisha: huyu atatoka damu, na bonge la damu hatalipata kamwe.

Hapa ndipo historia inaponishangaza, kwa sababu ushahidi wa kinyume ulikuwepo hata kabla Quick hajazaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1860 madaktari wawili wa Edinburgh, Balfour na Stewart, waliandika habari za mgonjwa mwenye bandama kubwa na tumbo lililojaa maji, ambaye mshipa mkubwa unaopeleka damu kutoka utumbo hadi kwenye ini ulikuwa umeziba kwa damu iliyoganda. Waliopasua maiti baada yao waliendelea kukuta mabonge kwenye mshipa huohuo katika watu wa sirosisi. Lilielezwa kama jambo la pale tu, la mshipa ule ambao damu yake inatembea polepole kwa sababu ini lililosinyaa limeubana. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini yalisaidia pia kuiacha imani kuu ikae ilivyo.

Halafu ikaja Denver. Tarehe 1 Machi 1963, Dk. Thomas Starzl alijaribu kumpandikizia binadamu ini la mtu mwingine, kwa mara ya kwanza duniani. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu aliyezaliwa bila njia za nyongo. Alitoka damu tangu kisu kilipoanza kazi, kila mshipa uliokatwa ulimwaga, na akafia mezani. Jaribu kufikiria hali ya chumba kile. Kwa wagonjwa waliofuata, watu wazima wenye saratani kwenye ini, timu iliamua kwamba safari hii damu haitawashinda. Wakawapa fibrinojeni, ambayo ndiyo malighafi ya bonge lenyewe, na dawa ya kuzuia mabonge yasiyeyuke. Wakati wa upasuaji walitumia pia mipira ya plastiki kupitisha damu kutoka miguuni kuirudisha sehemu ya juu ya mwili, wakati ini la zamani limetolewa na jipya halijaunganishwa.

Damu ikatulia. Mgonjwa wa pili akaishi siku 22, wa tatu siku saba na nusu. Walipopasuliwa baada ya kufa, mapafu yao yalikutwa na mabonge. Yalikuwa yameanzia kwenye njia ile ya mipira, yakasafiri na damu mpaka kifuani. Boston walijaribu mwaka huohuo, Paris wakajaribu mapema 1964, wagonjwa wote wakafa, na Starzl akasimamisha kazi mpaka 1967. Mwaka huo ndipo mtoto mmoja wa Denver alipopandikizwa ini akaishi zaidi ya mwaka.

Mtu anaweza kuniambia: hao wa 1963 hawafai kuwa mfano, maana walijazwa dawa za kugandisha na kuwekewa plastiki mwilini. Nakubali. Lakini angalia walichokithibitisha bila kukusudia: damu ambayo vipimo viliiona nyepesi, ukiisukuma kidogo tu upande wa pili, inaganda mpaka inaua. Haikuwa damu isiyoweza kuganda. Ilikuwa damu iliyosimama kwenye ukingo mwembamba, na ukingo una pande mbili. Somo hilo lilibaki kwa wapandikizaji. Kwenye wodi za kawaida, imani iliendelea kama kawaida.

Mwaka 1981 Mjerumani mmoja, K. Ewe, alifanya jambo ambalo mimi naliona la kishujaa kwa urahisi wake. Kila mtu alikuwa akisema kipimo kinatabiri kutoka damu. Yeye akaenda kutazama. Alichukua wagonjwa 200 waliokuwa wakitolewa kipande kidogo cha ini kwa uchunguzi, akiliona ini kupitia kamera ya tumboni, akapima kwa saa ni muda gani kidonda kinatoka damu. Kisha akalinganisha na namba za maabara. Havikuhusiana. Waliokuwa na namba mbaya hawakutoka damu muda mrefu kuliko wenye namba nzuri. Yakachapishwa, yakasomwa, na wodini watu wakaendelea kutundika plazima ili "kurekebisha INR" kabla ya kumchoma mgonjwa sindano.

Kwa nini hawakusikia? Nadhani ni kwa sababu hapakuwa na maelezo ya kuweka mahali pa yale ya zamani. Na kusema haki, maelezo hayo yasingepatikana zamani hata kama mtu angeyatafuta. Mwili una protini za kugandisha damu, na una protini nyingine za kuzuia isigande ovyo. Hizi za kuzuia zilichelewa sana kujulikana. Mwaka 1965 Mnorwe Egeberg alieleza familia iliyokuwa ikipata mabonge kwa sababu ilipungukiwa moja yao, antitrombini. Nyingine, protini C, ilitengwa na Msweden Johan Stenflo mwaka 1976 tu. Na hizo nazo, kumbe, zinatengenezwa wapi? Kwenye ini.

Hapo ndipo kila kitu kinapogeuka. Chukua mizani ya zamani ya sokoni, yenye sahani mbili. Upande mmoja vigandishaji, upande wa pili vizuizi. Ini likichakaa, mawe yanapungua pande zote mbili. Kipimo cha Quick kinatazama sahani moja tu, kinaona mawe yamepungua, kinapiga kelele. Hakioni sahani ya pili hata kidogo, kwa sababu protini C haiwezi kuanza kazi mpaka iwashwe na kitu kinachoitwa trombomodulini, ambacho kinakaa kwenye kuta za mishipa. Ndani ya chupa ya maabara hakuna kuta za mishipa.

Mwaka 2005 kundi la Milano, Italia, lililoongozwa na Armando Tripodi na Pier Mannuccio Mannucci, likafanya jaribio ambalo ukishalielewa unajiuliza kwa nini halikufanywa mapema. Walipima kiasi cha trombini, ile protini inayofanya kazi yenyewe ya kugandisha, katika damu ya watu wenye sirosisi na ya watu wazima wa afya. Bila trombomodulini, wagonjwa walitengeneza kidogo, vilevile kama kipimo cha zamani kilivyodai. Walipoongeza trombomodulini, tofauti ikatoweka. Wagonjwa walitengeneza trombini sawa na watu wa afya. Armand alikileta kipimo, Armando akakihoji, miaka 70 baadaye. Sijatunga, majina yamejipanga yenyewe.

Wengine wakaongeza mawe yaliyokuwa hayajahesabiwa. Chembe sahani, zile zinazokimbilia kwenye kidonda, hupungua kwa mtu wa sirosisi, nyingi zikiwa zimezuiliwa kwenye bandama iliyovimba. Lakini protini inayozinasisha kwenye ukuta wa mshipa, iitwayo von Willebrand, huwa juu sana kwa watu haohao, na kundi la Ton Lisman wa Uholanzi lilionyesha mwaka 2006 kwamba inafidia sehemu ya upungufu. Baadaye Lisman na mwenzake Robert Porte wakaeleza hali hiyo kuwa ni mizani iliyojipanga upya. Iko sawa, ila mawe yake ni machache, kwa hiyo upepo mdogo unaiyumbisha. Maambukizi, figo kusimama, upasuaji, na mgonjwa anaweza kwenda upande wowote kati ya hizo mbili.

Na wale waliodhaniwa wana kinga? Mwaka 2006 Northup na wenzake wa Virginia walipitia rekodi za hospitali za watu wenye sirosisi, zipatazo 21,000. Kama nusu ya asilimia moja walipata mabonge mapya ya miguuni au mapafuni wakiwa wamelazwa. INR iliyo juu haikuwakinga. Mwaka 2009 Wadenmark, ambao huandika kila kitu na kukihifadhi, walichambua watu zaidi ya 99,000 waliopata mabonge kati ya 1980 na 2005, wakakuta mwenye sirosisi ana hatari kama mara 1.7 ya mtu wa kawaida. Zaidi, si pungufu!

Naomba nitoke nje ya maktaba kidogo. Mtaani kwetu kulikuwa na fundi seremala, mzee wa heshima zake, mwenye ini bovu lililotokana na homa ya ini B. Mguu wake mmoja ukavimba. Nyumbani wakasema ni maji ya ini, na kituo cha kwanza walichompeleka wakasema vivyo hivyo, kwa sababu kweli sirosisi huvimbisha miguu. Lakini huvimbisha yote miwili. Kituo cha pili daktari mmoja kijana alichukua futi ya kushonea, akapima mguu huu na ule, akaomba ultrasaundi. Bonge lilianzia gotini likapanda pajani. INR ya mzee siku ile ilikuwa 1.9, namba ambayo kitabu cha zamani kingesema "huyu hawezi kuganda". Akaanzishiwa sindano, akarudi kwenye randa yake kwa karibu miaka miwili. Tulizoea kumwita mzee mbishi, na bado sijui kama lilikuwa sifa au lawama.

Tuje kwenye upande wa pili wa gharama, ule wa kurekebisha namba. Mwaka 2004 Bosch na wenzake wa Ulaya walijaribu dawa ya kugandisha yenye nguvu sana, faktori ya saba iliyotengenezwa maabara, kwa wagonjwa wa sirosisi waliokuwa wakitapika damu. Ni dawa ghali mno. Inanyoosha kipimo cha Quick upesi. Lakini kwa ujumla wagonjwa waliopewa hawakufanya vizuri kuliko wasiopewa. Walirudia, wakachapisha tena 2008, hali ni ileile. Mwaka 2012 ikatoka taarifa ya dawa ya kuongeza chembe sahani kabla ya upasuaji mdogo. Chembe ziliongezeka kweli, ila jaribio likasimamishwa kabla ya wakati: wagonjwa sita waliopewa dawa walipata mabonge kwenye mishipa ya ini na utumbo, dhidi ya wawili wa upande wa pili. Denver ya 1963, kwa vidonge.

Sasa mgonjwa wa sirosisi anatapika damu kwa nini? Kwa presha. Damu iliyokusudiwa kupita kwenye ini inakuta makovu, inatafuta njia za panya, inavimbisha mishipa myembamba ya umio, na siku moja mshipa unapasuka. Ni bomba lililopasuka, si damu iliyochuja. Mtu wa Kanda ya Ziwa ataelewa haraka, kwa sababu kichocho cha tumbo hufanya vilevile, kikiziba mishipa ndani ya ini, hata pale ambapo kiwanda cha protini bado kinafanya kazi yake. Wagonjwa wanaotapika damu Mwanza wengi wao ni wa mishipa hiyo. Ukimtundikia mtu wa namna hii chupa baada ya chupa za plazima ili namba ipendeze, unaongeza maji kwenye bomba lililopasuka. Na hiyo plazima ilitoka kwenye mkono wa mtu aliyejitolea, katika nchi ambayo kila mwenye ndugu wodini anajua kutafuta chupa ya damu ni shughuli gani.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la Modena, Italia, la Erica Villa na wenzake, mwaka 2012. Walichukua watu 70 wenye sirosisi iliyokomaa. 34 wakapewa heparini ya sindano kila siku kwa mwaka mmoja, wale walewale ambao kitabu cha zamani kilikataza kabisa wasiguswe na heparini. 36 hawakupewa. Kufikia wiki ya 48, katika wasiopewa sita walikuwa wamepata bonge kwenye mshipa wa ini. Katika waliopewa, hakuna hata mmoja. Na hawakutoka damu zaidi ya wenzao.

Watu 70 ni wachache, na hakuna mtu mwenye akili anayesema kila mwenye sirosisi achomwe heparini kesho asubuhi. Mwenye mishipa ya umio iliyovimba lazima atazamwe na kutibiwa hiyo kwanza, na kuna ambao chembe sahani zao zimeshuka mno. Ila mgonjwa aliyelazwa kitandani haachwi tena bila kinga kwa sababu tu INR yake iko juu. Miongozo ya Marekani ya 2021 na ya Ulaya ya 2022 yote imesema INR haipimi hatari ya kutoka damu kwa watu hawa, na kwamba plazima isitundikwe kwa mazoea kabla ya vipimo vidogo.

Mnaweza kudhani basi INR imetupwa jalalani. Hapana. Tangu 2002 Marekani inaitumia ndani ya hesabu iitwayo MELD kupanga foleni ya wanaosubiri kupandikizwa ini, nani atangulie, nani asubiri. Hesabu hiyo imerekebishwa mara kadhaa na INR bado imo, kwa sababu inaonyesha vizuri jinsi kiwanda kilivyochakaa. Armand Quick, kabla ya ile karatasi yake ya 1935, alikuwa ameshughulika na kipimo kingine kabisa, cha kupima ini linafanya kazi kiasi gani.